Kuhama Kijijini: Hesabu za Kagera

Kijana wa Muleba anayekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam huacha kibanja cha migomba, kahawa na maharage, akaingia chumba cha kupanga Manzese. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, wakati mwingine ya mwaka. Maji ni ya kununua kwa ndoo, umeme wa LUKU huchangiwa na wapangaji, na ndizi alizozoea kukata nyuma ya nyumba sasa anazipangia foleni na wateja wengine sokoni. Kwa hesabu ya tumbo, afadhali angebaki kwao.

Wachumi wana hesabu nyingine. Kuanzia mwaka 1991 watafiti walizihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera. Mwaka 2004 wakawasaka watu wale wale, hata waliokwishahamia Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka, Uganda. Matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya waliobaki. Wala si suala la kuzaliwa kwenye kaya yenye nacho, maana pengo hilo lilionekana hata kati ya ndugu waliokulia nyumba moja.

Basi wote wakimbilie jijini? Hapana.

Watafiti walirudi tena mwaka 2010. Karibu nusu ya waliojinasua na umaskini walikuwa wameacha kilimo, wakashika shughuli nyingine huko huko vijijini au kwenye miji midogo. Waliotoboa kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa 1 tu kati ya 7, ingawa hao ndio matumizi yao yalipanda kwa kasi zaidi. Jiji linalipa vizuri, ila wanaolifikia ni wachache: nauli ni kubwa, na bila mwenyeji wa kukupokea huna pa kulala. Lakini fundi pikipiki wa mji mdogo hurudi kwao kuvuna, na mkungu wa ndizi humfuata kwa bodaboda.

Huduma ni jambo jingine linalovuta watu mjini. Mjamzito anayehitaji upasuaji usiku hafarijiwi na uzuri wa kibanja.

Kwa hiyo halmashauri zinapopanga bajeti, miji midogo isisubiri makombo. Iwekewe soko lenye paa, maji ya bomba na barabara inayopitika masika. Na kijana anayefikiria kuuza kibanja apate nauli ya Dar es Salaam, kwanza aulizie kazi kwenye mji wa jirani.