Maneno ya "Self" katika Kiingereza na Silabi Yetu "-ji-"

Kiingereza kina maneno manane yaliyo mepesi kusoma na mazito kufasiri: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves na themselves. Uzito wake watokana na jambo moja, ya kuwa yana kazi mbili, nasi kwa kila kazi tuna neno mbali.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha ya kwamba tendo lamrudia mtenda. Kiswahili hutosheka kwa silabi -ji-, wala haibadiliki: najiona, wajiona, twajiona. Kiingereza hutia neno baada ya tendo, nalo humfuata mtenda: I see myself, you see yourself, we see ourselves. Na kama vile -ji- hukaa pahali pa -m-, ndivyo himself hukaa pahali pa him: he saw him, alimwona mtu mwingine, he saw himself, alijiona.

Kazi ya pili ni kutia mkazo, nayo kwetu ni kazi ya neno mwenyewe. The king himself killed the man, maana yake, mfalme mwenyewe alimwua mtu yule, hakumtuma mwingine. Bali the king killed himself, maana yake, mfalme alijiua. Katika maneno ya kwanza mfalme ni mwuaji. Katika ya pili ni maiti. Mkalimani wa mahakamani akiyachanganya, aweza kumtwika mtu damu isiyo juu yake.

Njia ya kuyapambanua ni hii: liondoe neno lenye self. Ukisema the king killed the man, habari ni kamili. Basi lililoondolewa lilikuwa mwenyewe. Ukisema the king killed, msikilizaji atauliza, "Alimwua nani?" Basi lililoondolewa lilikuwa -ji-.

Hapo kale Waingereza nao walikuwa na shaka yao. Kabla ya mwaka 1066, self lilikuwa hasa neno la mkazo, na him peke yake liliweza kuwa mtu mwingine au mtenda yule yule. Baadaye maneno hayo mawili yakaungana, na shaka ile ikaondoka. Lakini kazi ya mkazo haikuachwa.

Yafaa kuangalia mambo mengine matatu. Kwanza, you ni la mmoja na la wengi, lakini yourself ni la mmoja, na yourselves la wengi. Pili, they love themselves ni wajipenda; wapendana ni they love each other. Tatu, by himself aghalabu ni peke yake.

Mwisho, tusifasiri silabi kwa silabi. Kujifunza kwa Kiingereza ni learn, pasipo self. Na mwenyeji wa Kiingereza akikuambia mezani, help yourself, hakutumi kujisaidia, jambo ambalo kwetu hufanywa chooni. Akukaribisha ujipakulie chakula.