Tanuru la Maluku: umeme ulikuwako, vyuma vikakosekana

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma hakiyeyuki ila kwa makaa na mivukuto. Ndivyo walivyofanya wahunzi wa zamani katika nchi yetu, na hata leo viwanda vingi vikubwa vya dunia hutumia makaa ya mawe. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuyeyusha chuma kwa umeme. Njia hiyo ililetwa hata Kongo, mahali paitwapo Maluku, kando ya mto mkubwa, ukipanda mto kutoka Kinshasa. Tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi tanuru la namna hiyo linavyofanya kazi, kisha tutazame sababu iliyolizima lile la Maluku.

Aliyefungua njia hiyo ni Mfaransa Paul Héroult. Mwaka 1886, akiwa kijana wa miaka 23, alivumbua namna ya kupata aluminiamu kwa umeme. Karibu na mwaka 1900, huko La Praz katika milima ya Savoie, akatumia umeme pia kutengeneza feleji, yaani chuma cha pua.

Tanuru lenyewe ni mfano wa chungu kikubwa sana, ambacho ndani yake kumejengwa matofali yasiyoshindwa na moto. Kifuniko chake kina matundu matatu, na katika kila tundu hupita nguzo ya grafiti, iliyo jamaa ya makaa. Kwanza kifuniko husogezwa kando, na ndoo kubwa iliyoning'inia juu humwaga vyuma vikuukuu: magari yaliyokufa, vipande vya reli, mitambo iliyovunjika. Kifuniko hurudishwa, nguzo hushushwa, na umeme huruka kati ya nguzo na vyuma kwa mshindo mkubwa, kama radi iliyofungiwa chunguni. Moto wa umeme huo hupita digrii 3,000, na chuma huyeyuka kwenye digrii 1,500 hivi. Hutiwa chokaa ili ikusanye uchafu, na uchafu huo, uitwao mavi ya chuma, huelea juu ukaondolewa. Mwishowe tanuru huinamishwa, na feleji hutiririka kama uji mwekundu. Kuyeyusha tani moja hutaka umeme wa kilowati-saa 400 hadi 600.

Basi, nchi yenye umeme mwingi yaweza kutamani tanuru hilo. Mwaka 1972, nchi yetu ikiitwa Zaire, bwawa la kwanza la Inga lilifunguliwa, lenye nguvu ya kilowati 351,000. Umeme huo ulitafutiwa kazi. Serikali ya Rais Mobutu iliagiza makampuni ya Italia na Ujerumani kujenga kiwanda cha feleji Maluku, kwa fedha za mkopo. Kilianza kazi mwaka 1975, nacho kilikusudiwa kutoa tani 250,000 kila mwaka.

Lakini kilitoa karibu sehemu moja tu kwa kumi. Kwa nini? Si kwa sababu ya ufundi, kwani matanuru ya namna hiyo yalistawi vizuri huko Brescia, kaskazini ya Italia. Tofauti ni hii: huko Brescia vyuma vikuukuu hupatikana kwa wingi, reli huvileta hata kutoka nchi za jirani, na wanunuzi wa feleji wako karibu. Nchini Zaire magari na mitambo ilikuwa michache. Yako mawe ya chuma kaskazini-mashariki, lakini hayakuchimbwa kwa ajili ya Maluku. Ikabidi kununua vyuma vikuukuu ng'ambo! Meli zilivifikisha Matadi, ambapo maporomoko huzuia njia ya mto. Kutoka hapo vilihitaji kilometa 366 za reli hadi Kinshasa, kisha safari nyingine hadi Maluku. Kwa gharama hizo feleji ya Maluku ikawa ghali kuliko ile iliyonunuliwa tayari Ulaya.

Tena bei ya shaba ya Katanga, iliyokuwa mfuko wa taifa, ilianguka tangu mwaka 1974, na fedha za kigeni zikapungua. Mwaka 1986 tanuru likazimwa.

Mkopo, hata hivyo, hauzimwi pamoja na tanuru. Deni la Maluku liliongezwa juu ya madeni mengine ya nchi, na mchimbaji wa Kolwezi na mkulima wa Kivu, ambao hawakupata kuona hata msumari mmoja wa Maluku, walibeba mzigo huo pamoja na wengine. Wazee husema: mchuma janga hula na wa kwao.

Tusiseme ya kuwa Mwafrika hana haja ya viwanda vya feleji. Nyumba, madaraja na majembe yanaihitaji. Lakini ninyi wanafunzi, ambao kesho mtakuwa wahandisi na wakuu, mkiletewa picha nzuri ya kiwanda kipya, msiulize tu mtambo una nguvu gani. Ulizeni pia: utalishwa nini kila siku? Chakula chake kitapita njia gani? Nani atanunua kazi yake, na kwa bei gani? Maswali hayo matatu yalipaswa kujibiwa kabla tofali la kwanza halijawekwa Maluku.