Mifuko ya Takataka: Tununue Ipi, na Mingapi?



Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo tumeulizwa swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo: kati ya mifuko ya takataka inayouzwa hapa Kabati, ni ipi ya kununua? Ile ya bei rahisi inapasuka kabla haijavuka mlango. Ile ya bei ghali nayo, jameni, ni kununua kitu ili ukakitupe! Na pesa hiyo hiyo ndiyo ya chumvi na mafuta ya taa.

Kabla ya kuutazama mfuko, tutazame kwanza kinachoingia ndani yake. Jikoni kwetu kitu kizito ni kile kibichi: maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki, mabaki ya muthokoi. Hicho ndicho kinachonuka, kinachovuja na kupasua mfuko. Kikiondolewa, kinachobaki ni vitu vikavu na vyepesi, na mfuko uliokuwa ukijaa kwa siku tatu waweza kukaa wiki nzima na zaidi. Basi mabaki ya chakula yaende kwa kuku, maganda kwa mbuzi, na yasiyoliwa yaingie kwenye shimo la mboji. Tunasema shimo kwa sababu huku kwetu lundo la juu hukauka upesi, na kikikauka hakiozi. Lifunike kwa nyasi na ulimwagie maji uliyooshea mboga. (Maembe yenye funza usiyatie humo. Yafukie peke yake, futi mbili kwenda chini, la sivyo wale inzi watarudi mtini.)

Sheria nayo inatuelekeza huko huko. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mwezi wa Aprili 2024, NEMA ilitangaza kwamba taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya kawaida ya plastiki, ila katika ile inayooza kabisa, ikatoa siku 90. Na wengi wetu tunakumbuka tarehe 28 Agosti 2017, karatasi za plastiki za kubebea bidhaa zilipopigwa marufuku, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo. Mifuko ya kutandika ndani ya pipa iliachwa, lakini kwa sharti la kuandikwa jina la kiwanda na la mtumiaji. Kwa hivyo pakiti isiyo na jina lolote, hata ikiwa ya bei ya bure, mwachie mwenye duka.

Sasa tuje kwenye kununua. Kosa kubwa tunaloliona ni la kipimo. Mtu ana ndoo ya lita 20, ananunua mfuko mwembamba, anaulazimisha mdomoni mwa ndoo, unachanika. Chukua uzi, zungusha mdomo wa ndoo, halafu ukunje uzi huo mara mbili. Uzi ukiwa sentimita 94, nusu yake ni 47, basi tafuta mfuko ambao ukilazwa una upana wa 50 au zaidi kidogo. Kwa urefu, chukua kimo cha ndoo, ongeza nusu ya upana wa mdomo wake, kisha sentimita 10 za kukunja na kufunga. Mfuko mkubwa kupita kiasi ni hasara pia, maana umelipia plastiki isiyobeba kitu.

Halafu ushike. Unene wa plastiki hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kipimo ambacho jicho haliwezi. Lakini mwenye duka ana mizani ya sukari. Pakiti mbili zenye idadi moja na ukubwa mmoja, ile nzito ndiyo nene. Mfuko unaopiga kelele kama majani makavu huwa na nguvu ya kubeba, ila ukitobolewa na mfupa mara moja unachanika wote. Ule laini unaonyumbuka huvumilia zaidi. Ukifika nyumbani, mwaga vikombe viwili vya maji katika mfuko mmoja na uuning'inize. Ukidondoka kwenye mshono wa chini, usirudie kuununua.

Bei nayo tuihesabu kwa mfuko, si kwa pakiti. Tuseme pakiti moja ina mifuko 30 kwa shilingi 150: kila mmoja ni shilingi 5. Nyingine ina mifuko 20 kwa shilingi 160: kila mmoja ni shilingi 8. Ya kwanza ndiyo rahisi, si ndiyo? Lakini kama ile ya shilingi 5 unaitia miwili miwili kwa kuogopa kupasuka, umelipa 10.

Tahadhari juu ya neno "huoza". Kuna plastiki iliyotiwa dawa ya kuifanya imeguke juani. Kweli humeguka, lakini vile vipande vidogo hubaki shambani. Mfuko unaogeuka kuwa mboji kweli huandikwa namba ya kiwango, kama EN 13432 au ISO 17088. Huo usinunue wa mwaka mzima, kwa sababu joto na unyevu huudhoofisha ungali kabatini.

Yote hayo tunayasema tukiwaza mbuzi. Mbuzi hufuata chumvi na harufu ya chakula kwenye plastiki, anaimeza, nayo haisagiki wala haitoki. Inajikusanya katika tumbo lake la kwanza, anaacha kula, anakonda na kufa, na mwenye boma anadhani ni ugonjwa. Huyo alikuwa karo ya muhula. Basi mfuko uliojaa usiachwe chini kando ya lango hata usiku mmoja. Ufungwe na utundikwe juu. Kuuchoma si njia, moshi wa plastiki ni sumu, na watoto ndio wanaocheza karibu na moto.

Kwa taka kavu wala si lazima kununua. Gunia lililotoka na mbolea au mahindi hubeba chupa, mikebe na plastiki kwa miezi, ukilikung'uta na kuliosha. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwanza ndani ya katoni. Mfuko wa dukani ubaki kwa nepi, sodo na vitu vya mgonjwa. Gunia nalo liwekwe kivulini, kwa sababu jua kali hulifanya likatike nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo mbuzi huzila vile vile.