Kabla ya kulipa karo, uliza karakana ina nini

Wazazi wenzangu wa Pwani, ukimpeleka kijana akasomee umeme Kitale National Polytechnic, Sang'alo kule Bungoma, au hapa hapa kwetu, uliza jambo moja: karakana ina pawa saplai ya DC inayopangwa kwa programu?

Betri ya gari ya volti 12 haitulii kwenye 12. Ikijaa husoma kama 12.6, injini ikinguruma hupanda hadi 14 na ushei, ukipiga stata huweza kushuka chini ya 10. Mtambo huu huiga mabadiliko hayo kwa mpango, hata mara mia. Pia huwekewa kikomo cha ampea: nyaya zikigusana, mkondo haupiti hapo, na kifaa huenda kikapona. Ile ya kupangwa kwenye kabati ina upana wa inchi 19, ili kadhaa zikae pamoja.

Kwa maoni yangu, fundi aliyefunzwa kwa kubahatisha humtwisha mteja hasara. Taa iliyojaribiwa kwa betri iliyotulia tu yaweza kumzimikia nahodha usiku, katikati ya maji. Karo tunalipa sisi. Tuna haki ya kuuliza.