Ampuli za Zamani Zinaondoka: Nyumba Zetu Zitapata Mwanga Gani?

Bila shaka mmesikia kwamba katika nchi nyingi maduka hayaruhusiwi tena kuuza ampuli za zamani, zile za kioo zenye uzi mwembamba ndani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuziondoa mwezi wa Septemba 2009, kwanza zile za wati 100, na kufika Septemba 2012 karibu zote za nyumbani zilikuwa zimekatazwa. Marekani ilikawia, huko amri ilianza kushikwa kwa nguvu tarehe 1 Agosti 2023. Mtu wa Tunda akisoma habari hizi huenda atacheka na kusema: "Wenzetu wanazifukuza ampuli, na sisi hata waya wa umeme hatujauona!" Asema kweli. Umeme wa Inga hupita juu ya nguzo ndefu kwenda Katanga, lakini kwetu Maniema haugeuki. Walakini twaomba asilifunge gazeti upesi. Mwenye maji mengi aweza kuoga kwa ndoo tatu. Mwenye kibuyu kimoja hupima hata kikombe. Ndivyo ilivyo kwa umeme: aliye nao kidogo ndiye aumizwaye zaidi na taa yenye ulafi.

Ulafi huo watoka wapi? Ndani ya ampuli ya zamani mna uzi wa madini yaitwayo tungsteni. Umeme ukipita huuchoma uzi huo hata ukawa mweupe kwa moto, nao moto ndio utoao nuru. Lakini katika sehemu 100 za umeme ulioingia, sehemu 90 na zaidi huondoka kuwa joto tupu. Aliyewahi kuishika ampuli iliyokwisha kuwaka nusu saa hahitaji mwalimu wa fizikia. Wafugaji wa vifaranga huipenda kwa sababu hiyo hiyo, wala hatuwalaumu. Tena haidumu: hufa baada ya saa 1,000 hivi, yaani jioni 200 za saa tano tano. Tangu Swan wa Uingereza na Edison wa Marekani walipoionyesha ulimwenguni mwaka 1879, imetumikia watu vyema. Ila umri wake umekwisha.

Taa mpya, ambayo wachuuzi wote huiita LED, haichomi uzi wowote. Ndani yake mna chembe ndogo ya madini ambayo umeme ukipita hung'aa yenyewe. Taa nyekundu na za kijani za namna hii zilikuwako zamani, lakini nyeupe haikuwezekana mpaka ipatikane ya buluu, na hiyo iliwasumbua wataalamu miaka mingi. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioipata, nao wakatuzwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwaka huo huo Kanisa dogo la Sistina huko Vatikano liliwekewa taa za LED zipatazo 7,000, ili picha za Michelangelo zionekane vizuri zisiharibiwe na mwanga mkali.

Tufanye hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Ampuli ya zamani ya wati 60 hutoa nuru sawasawa na LED ya wati 8 au 9. Tuseme familia imejikusanyia fedha kwa likelemba ikanunua bamba la jua la wati 50. Siku ya jua zuri, kwa saa nne, bamba hilo litakusanya wati-saa 200. Tukitoa zinazopotea katika betri na nyaya, zabaki labda 150. Ampuli moja ya zamani itazila zote kwa saa mbili na nusu, kisha giza. Lakini taa nne za LED za wati 9, moja ya chumba cha wazazi, moja ya watoto, moja ya jiko na moja ya ukumbi, zitawaka saa nne nzima kwa chakula hicho hicho. Basi bila LED, umeme wa jua ungebaki kuwa mali ya matajiri.

Kwa misheni na shule zenye jenereta hesabu ina mtego. Ukumbi wenye ampuli 12 za wati 60 wadai wati 720. Ukibadili zote kuwa LED utadai wati 108 tu. Wengi hudhani kwamba esansi nayo itapungua mara saba. Haipungui hivyo! Jenereta kubwa hunywa esansi yake hata ikiwa na mzigo mdogo, kama gari linalonguruma limesimama. Faida huja unapoiacha ile kubwa ukatumia ndogo, au ukaondoka kwenye esansi kabisa na kushika jua. Tumeona wasimamizi waliobadili taa, wasibadili kitu kingine, kisha wakasema kwamba LED ni uongo.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi za vijiji vyetu taa ya zamani inayopaswa kuondoka siyo ampuli, ni koroboi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Koroboi ya kopo na utambi hutoa nuru ndogo mno: ingehitajika nyingi, sabini au themanini, kuifikia ampuli moja ya wati 60. Kwa nuru hiyo mtoto wa darasa la sita la sekondari hujitayarisha kwa Mtihani wa Taifa, uso wake karibu na moto, na asubuhi hupenga kamasi nyeusi. Weusi huo umepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika taa za utambi za namna hii, sehemu 7 mpaka 9 katika kila 100 za mafuta huwa masizi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri watu waache kutumia petroli nyumbani. Wala hatujataja nyumba za nyasi zilizoungua, wala watoto waliokunywa petroli wakidhani ni maji katika chupa ya soda. Kina mama wajua hayo kuliko sisi.

Wapo wasemao: "Koroboi ni rahisi, taa ya jua ni ghali." Twawasihi wanawake wa mashirika yetu waandike katika daftari, mwezi mmoja tu, kila kipimo cha petroli kilichonunuliwa na kila jozi ya mawe ya tochi. Kisha wazidishe mara 12. Petroli hutufikia kutoka mbali, kwa reli mpaka Kibombo au Kindu, kisha kwa baiskeli juu ya njia za matope. Kila mkono unaoipokea huongeza faida yake. Maskini huununua mwanga kwa kijiko, na mali ya kijiko daima ni ghali.

Yafaa kuonya juu ya taa nyingine iliyo katikati, ile ya mrija wa kioo uliopindwapindwa. Uganda, wakati wa upungufu mkubwa wa umeme, iligawa bure taa hizo karibu laki 8 mwaka 2007, na zilisaidia. Lakini ndani yake mna zebaki kidogo, dawa ile ile ambayo wachimbaji wa dhahabu katika Maniema huitumia kukamata vumbi la dhahabu. Kwa mapatano ya Minamata, yanayoitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika vibaya kwa zebaki, nchi za Afrika zilidai taa hizo zikomeshwe, na mwaka 2022 ikakubaliwa kwamba zile za kawaida za nyumbani zikome mwaka 2025. Aliye nazo asizivunje. Ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu pasipo kufagia.

Na LED nazo si zote njema. Sokoni utaona tochi zinazong'aa kama nyota siku ya kwanza, na mwezi wa pili zimekufa. Usitazame wati peke yake. Sanduku la mfanyabiashara mwaminifu huandika pia lumeni, yaani kipimo cha nuru yenyewe. Uliza kama betri yaweza kubadilishwa. Iwashe dukani kwa muda, uishike: ikiwa ya moto sana upande wa nyuma, haitadumu.

Hapa Tunda ndugu zetu Wametodisti wana misheni na hospitali tangu zamani. Na mama anayejifungua usiku wa manane hamwulizi mtu taa imetoka dhehebu gani. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 211, aliutaja hata uzimaji wa taa zisizohitajiwa kati ya matendo ya upendo kwa viumbe vya Mungu. Wengine waliona ni neno dogo mno kwa Baba Mtakatifu.

Limebaki jambo moja, nalo ni la nyumbani. Mara nyingi taa ya jua ikiisha kununuliwa, baba huichukua jioni kwenda kuzungumza na wenzake, au huiachia simu ya rafiki ijichaji mpaka taa iishiwe. Mama naye hurudi kwa koroboi jikoni, na mtoto huandika sentensi nusu. Bwana wa nyumba apange na mkewe mapema, kabla ya likelemba kufika zamu yao: taa hii italala wapi, nani ataiweka juani asubuhi, na kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku itakuwa juu ya meza ya nani.