Vitambaa vya Nyuso Mbili: Faida Iko Upande wa Ndani

Mnunuzi wa fulana ya michezo au koti la baridi hutazama rangi, nembo na bei. Mara chache huigeuza nguo kutazama upande wa ndani, na huko ndiko kampuni za vitambaa zinakoshindania fedha zake. Vitambaa vya kufuma vyenye uzi wa aina moja usoni na aina nyingine mgongoni vimekuwa uti wa mgongo wa biashara ya nguo za wakimbiaji, wapanda milima na askari.

Sababu yake ni jasho. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikii hata nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana fulana ya pamba ikilowa hung'ang'ania mwilini. Mfumaji huweka ndani uzi usiopenda maji, na nje uzi unaoyavuta au wenye nyuzinyuzi nyembamba zaidi. Jasho hupanda kutoka ndani kwenda nje kama mafuta ya taa kwenye utambi, likatandaa usoni na kukauka haraka. Ngozi hubaki kavu.

Kiwandani kuna njia kuu mbili. Katika ya kwanza, mashine ya mviringo hulisha nyuzi mbili kwenye sindano moja, huu ukikaa mbele na ule nyuma. Pembe na mkazo wa kila uzi lazima vidhibitiwe. Vikilegea kidogo, uzi wa ndani huchungulia nje na kitambaa hushushwa daraja. Njia ya pili hutumia mashine yenye safu mbili za sindano: kila safu hufuma uso wake, na vitanzi vichache huziunganisha nyuso hizo. Mashine za namna hii zimetengenezwa na kampuni kama Mayer & Cie ya Ujerumani, Fukuhara ya Japani na Pailung ya Taiwan. Mwenye mtaji anaweza kuzinunua. Kinachowatofautisha wenye viwanda ni ujuzi wa kuzitumia.

Historia ya Malden Mills ya Lawrence, Massachusetts, inaonyesha thamani ya ujuzi huo. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilitengeneza flisi, kitambaa cha poliesta chenye manyoya, lakini mmiliki wake, Aaron Feuerstein, hakukisajili kwa hataza. Viwanda vya Asia vikakiiga na bei ikaporomoka. Somo lilieleweka: katika miaka ya 1990 kampuni ilisajili hataza za vitambaa vyenye nyuzi tofauti kila upande, na bidhaa kama Polartec Power Dry zikauzwa kwa bei ambayo flisi ya kawaida isingeipata.

Desemba 1995 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda. Feuerstein aliendelea kuwalipa mishahara wafanyakazi waliokosa kazi na akajenga upya, uamuzi unaostahili heshima hadi leo. Hata hivyo, mzigo wa madeni uliifikisha kampuni katika ufilisi mwaka 2001, na tena 2007. Wamiliki wapya waliipa jina la Polartec, wakatangaza mwishoni mwa 2015 kuhamishia Tennessee uzalishaji wa Lawrence, na mwaka 2019 ikanunuliwa na Milliken. Hataza na jina viliokoa bidhaa. Havikuokoa ajira za Lawrence.

Afrika Mashariki ni mnunuzi wa vitambaa hivi. Makoti ya flisi hujaa kwenye marobota ya mitumba, na wapagazi wa Kilimanjaro huhitaji nguo kavu kwenye mlima wa mita 5,895. Viwanda vya Kenya vinavyoshona nguo kwa soko la Marekani vimetegemea sana vitambaa vilivyofumwa Asia. Motisha ya nguo za sintetiki imekuwa kubwa: ushuru wa kawaida wa fulana ya poliesta kuingia Marekani ni asilimia 32, wakati ya pamba ni 16.5. Hivyo, msamaha wa ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani kwa bidhaa za Afrika, ulioanzishwa mwaka 2000, uliinufaisha zaidi nguo ya sintetiki.

Huku tukinunua, pamba nyingi ya Simiyu na Shinyanga, Tanzania, huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kitambaa cha nyuso mbili kinaipa nafasi mpya: poliesta ndani, pamba nje, katika sare za shule, jezi na nguo za kazi zinazovaliwa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Hapahitajiki uvumbuzi mpya. Panahitajika mashine za mviringo, mafundi waliofunzwa kudhibiti nyuzi mbili kwenye sindano moja, na maabara ya kupima kasi ya kukauka.

Mabenki ya maendeleo na wizara za viwanda zianze na mafundi. Mashine bila fundi huyo ni mkopo tu usiolipika.