Tezi, Omo na Ngama: Uteuzi wa Chumba Chenye Mpangilio Usio wa Kawaida Katika Meli ya Kitalii

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkumbusha mtu kwamba hata akitangatanga vipi, hatimaye atarejea alikotoka. Chimbuko lake ni chomboni. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya ndani, chini kabisa, yanakokusanyika maji. Shuleni tulifunzwa maana ya ndani ya methali hii, na ile ya nje ikasahauliwa. Makala haya yanairejelea maana hiyo ya nje. Yanadhamiria kueleza namna abiria wa meli ya kitalii anavyoweza kuteua chumba chenye mpangilio usio wa kawaida, na wakati huohuo kudhihirisha kwamba lugha yetu inao msamiati wa kulieleza jambo hilo bila kuomba radhi kwa yeyote.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa Kiswahili na vyumba vya meli wapi na wapi? Jibu lina pande mbili. Kwanza, Mombasa na Unguja ni miongoni mwa bandari zinazotiwa nanga na meli hizi, na wapo wahitimu wetu wanaojipatia riziki kwa ukalimani, tafsiri na kuongoza watalii. Pili, abiria hukinunua chumba kabla ya kukiona. Anachokinunua kwa hakika ni maelezo: maneno machache, mchoro mdogo na bei. Asiyeyaelewa maelezo hayo anaweza kulipia dirisha la kutazama bahari, akafika na kukuta mbele ya dirisha hilo pametundikwa mashua ya uokozi. Suala hili basi ni la lugha kama lilivyo la safari.

Chumba cha kawaida na sababu zake

Hatuwezi kuzungumzia kisicho cha kawaida kabla ya kukifahamu cha kawaida. Chumba cha meli ya kitalii huwa na umbo la mstatili mwembamba. Mlango hufungukia ushorobani. Karibu na mlango hupatikana choo na bafu katika chumba kimoja kidogo, mkabala na kabati la nguo. Hufuata kitanda, kochi na meza, na mwishoni kabisa huwepo dirisha au roshani. Vyumba vinavyopakana hupangwa kama mtu na taswira yake kiooni: kimoja kitanda chake kikiwa karibu na roshani, cha jirani yake huwa karibu na bafu.

Kufanana huku kuna sababu. Vyumba vingi vya meli za kisasa huundwa viwandani nchi kavu, vikawekewa kuta, mabomba na hata bafu, kisha vikainuliwa na kusukumwa hadi mahali pake melini. Isitoshe, vyumba viwili hutegemea mfereji mmoja wa mabomba. Kwa hivyo, kila kinachokiuka umbo hilo kinamgharimu mjenzi, naye hukubali gharama hiyo kwa mojawapo ya sababu mbili. Ya kwanza ni umbo la meli yenyewe, ambayo huchongoka omoni na kuwa na pembe tezini. Ya pili ni kusudi la mbunifu anayetaka kuuza kitu ambacho washindani wake hawana.

Vyumba vya omoni na vya tezini

Chumba cha omoni humpa abiria fursa ya kuona kile akionacho nahodha. Hata hivyo, omo ndiyo sehemu inayopanda na kushuka zaidi meli inapokata mawimbi. Mtu anayeshikwa na kichefuchefu cha bahari hana budi kulizingatia hilo. Fauka ya hayo, katika meli kadhaa abiria wa vyumba vilivyo chini ya chumba cha usukani huombwa wafunge mapazia usiku, ili mwanga wao usiwatie kiwi wanaoiongoza meli gizani. Yaani yule aliyelipia mandhari ya mbele huyakosa nusu ya muda.

Chumba cha tezini nacho hutazama mkondo mweupe unaoachwa na meli baharini. Vile vya pembeni huwa na roshani pana inayozunguka upande na nyuma, na aghalabu hugombewa na wasafiri wazoefu. Lakini tezini ndiko ziliko rafadha, na mtetemo wake husikika hasa katika sitaha za chini. Mabaharia wetu wa majahazi walilijua hili kwa njia yao: chombo hutulia zaidi katikati. Ndivyo ilivyo hata kwa meli kubwa. Chumba kilicho katikati na katika sitaha za chini ndicho kinachoyumba kidogo zaidi, hata kama hakina sifa ya kusimulia.

Upande nao una maana yake. Meli itokayo Mombasa kuelekea Unguja husafiri kusini. Aliye upande wa kushoto huona macheo na bahari kuu. Aliye upande wa kulia huelekea pwani na machweo. Wajuzi wa majahazi waliutofautisha upande wa joshi, upepo unakotoka, na upande wa demani, upepo unakokwenda. Anayetarajia kuketi roshanini jioni atafaidika akiuliza swali hilo la kale.

Roshani inayotazama ndani

Kwa muda mrefu chumba kisichokuwa ubavuni mwa meli hakikuwa na dirisha lolote. Meli ya Royal Princess iliyoanza safari mwaka 1984 ililikabili tatizo hili kwa kuvipanga vyumba vyote vya abiria upande wa nje. Silja Serenade, iliyoundwa Turku, Finland, na kuanza safari kati ya Helsinki na Stockholm mwaka 1990, ilifuata njia nyingine: ilipasuliwa katikati kwa barabara ndefu ya maduka, na vyumba vya ndani vikapewa madirisha yanayoitazama barabara hiyo. Wazo hilo lilikuzwa katika Voyager of the Seas mwaka 1999. Mwaka 2009 Oasis of the Seas, yenye urefu wa takriban mita 360, ilivuka mpaka kwa kuliacha wazi anga la katikati, ikapanda humo bustani yenye mimea zaidi ya 12,000, na kuzifanya roshani za vyumba vya ndani ziielekee bustani hiyo.

Mgeni huliona jambo hili kuwa kioja. Mzawa wa Lamu huenda asishangae sana. Nyumba ya mawe ya kale ya Lamu huipa barabara kisogo. Kuta zake za nje ni nene na hazina madirisha makubwa, na nuru huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambao vyumba huuelekea. Mantiki ya ujenzi ni moja: pale ambapo ukuta wa nje hauwezi kutoa nuru, nuru huletwa kutoka katikati.

Tofauti yao ni katika sitara. Kiwanda cha Lamu kilikuwa cha jamaa moja. Bustani ya melini ni ya kila mtu, na roshani za upande mmoja hutazamana ana kwa ana na za upande wa pili. Anayeteua chumba kama hiki hupata hewa, kijani kibichi na kinga dhidi ya upepo wa bahari, lakini hulazimika kufunga pazia avuapo nguo, na haoni bahari ila kwa kutoka chumbani. Kwa mtu aliyesafiri ili aione bahari, hilo si jambo dogo.

Kuta zilizopinda na suala la sitara

Mfano wa ujasiri zaidi ni Norwegian Epic, iliyoundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na kuanza safari mwaka 2010. Wabunifu wake waliuacha mstatili. Kuta za vyumba vyake vingi zilipindwa kama wimbi. Badala ya bafu moja, choo kiliwekwa upande mmoja wa njia ya kuingilia, mahali pa kuogea pakawa upande wa pili, na beseni la kunawia likasogezwa chumbani, karibu na kitanda. Pazia ndilo lililotenga njia hiyo na sehemu ya kulala.

Hoja ya wabunifu ilieleweka. Watu wawili wanaweza kujitayarisha kwa wakati mmoja bila kungojana. Lakini abiria wengi walilalamika kwamba faragha imepotea. Mke na mume huenda wakalivumilia jambo hilo. Mama asafiriye na mwanawe wa kiume aliyebaleghe, au marafiki wawili waliochangia nauli, hawatalivumilia. Ni muhimu kutaja kwamba Norwegian Breakaway, meli ya kampuni hiyohiyo iliyofuata mwaka 2013, ilirejea kwenye bafu la kawaida. Ikumbukwe pia kwamba kutenganisha bafu si kosa kwa lenyewe. Disney Magic ya mwaka 1998 ilikuwa na vyumba vyenye vijichumba viwili, kimoja cha choo na kingine cha kuogea, kila kimoja na beseni lake na mlango wake, na familia zenye watoto zikausifu mpangilio huo. Tofauti ya meli hizi mbili ni mlango.

Epic hiyohiyo ilileta jambo la manufaa kwa kundi lililopuuzwa. Nauli za meli hukadiriwa kwa watu wawili katika chumba kimoja, kwa hivyo asafiriye peke yake aghalabu hutozwa karibu nauli ya watu wawili. Epic ilitenga vyumba 128 vya mtu mmoja, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa takriban mita 9 za mraba, pamoja na ukumbi wao wa pamoja. Dirisha la chumba hicho hufungukia ushoroba, si bahari. Mjane, mtafiti au kijana asiye na mwenzi anaweza kuuona udogo huo kuwa nafuu.

Dirisha lisilo dirisha

Mkondo mwingine ni wa teknolojia. Vyumba vya ndani vya Disney Dream, iliyoanza safari mwaka 2011, viliwekewa kioo cha duara kinachoonyesha picha za moja kwa moja kutoka kamera zilizo nje ya meli. Aliye ndani hujua kama kumekucha. Celebrity Edge ya mwaka 2018 nayo iliunganisha roshani na chumba: sakafu ni moja, na abiria hubonyeza kitufe ili nusu ya juu ya dirisha kubwa ishuke. Chumba huonekana kipana zaidi. Hata hivyo, bahari ikichafuka mabaharia wanaweza kuyazuia madirisha hayo yasifunguliwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kutokana na mifano hii, tunaweza kuorodhesha maswali ambayo abiria, au mkalimani wake, anapaswa kuyauliza.

(i) Nambari ya chumba ni ipi? Tarakimu za mwanzo aghalabu huonyesha sitaha. Palipo na nambari, mchoro wa meli unaweza kuchunguzwa. Pasipo na nambari, kampuni ndiyo itakayoteua chumba, na punguzo la bei ni malipo ya kuukubali uteuzi huo.

(ii) Juu na chini yake pana nini? Chumba kilicho chini ya bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa dansi husikia ngoma usiku.

(iii) Je, kuna mlango wa kuunganisha na chumba jirani? Mlango huo ni neema kwa familia, lakini hupitisha sauti kuliko ukuta.

(iv) Vitanda vya ziada viko wapi? Vingine hushushwa kutoka darini kwa ngazi. Nyanya mwenye maumivu ya magoti asipangiwe kimojawapo.

(v) Je, kizingiti cha bafu kimeinuka? Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji chumba kilichobuniwa kwa ajili yake, na vyumba hivyo ni vichache katika kila meli.

(vi) Njia ya kuelekea kituo cha dharura ni ipi? Meli ya Costa Concordia ilipopinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwaka 2012, watu 32 walifariki. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanye zoezi la dharura kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu baada ya kung'oa. Aliye katika chumba chenye umbo geni ana sababu zaidi ya kuihesabu milango kati ya chumba chake na ngazi, kwani gizani mazoea hayatamsaidia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kila mpangilio usio wa kawaida ni mabadilishano. Abiria hupewa mandhari akatoa utulivu, hupewa nuru akatoa sitara, hupewa nafuu ya nauli akatoa nafasi. Usiache mbachao kwa msala upitao ni nasaha inayomfaa anayevutiwa na upya pekee. Lakini aliyekwisha kujua anachokihitaji na anachoweza kukikosa hana haja ya kuuogopa upya huo.

Kwa upande wa lugha, tumeeleza haya yote kwa tezi, omo, sitaha, roshani, rafadha, joshi na demani. Ni maneno yaliyomo kamusini, na mengi yao yangali vinywani mwa mabaharia wa Lamu na Mombasa. Kinachokosekana ni matini za kuyatumia: vipeperushi, mabango ya bandarini na maelezo ya usalama yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ni ya kwetu sisi tunaosomea taaluma hii, na inaweza kuanza kwa tafsiri ya ukurasa mmoja wa maelekezo ya dharura.